Komando Mtaro ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Komando Mtaro ni mimi. Ndiyo, rapa yule yule anayewachana wanaomwaga maji machafu barabarani, anayesikika kwenye kila simu mtaani. Sauti ile nzito si ya mwanamume. Ni ya binti aliyemaliza shule juzi, ambaye hata kuitika salamu humtoa jasho. Nilirekodi wimbo ndani ya kabati la shangazi, katikati ya makoti, kisha nikaizamisha sauti kwa programu ya simu mpaka ikawa ya baba mwenye watoto wakubwa. Nikaurusha mtandaoni. Nikarudi kuosha vichwa saluni kwa shangazi.

Leo wateja wawili wamebishana kuhusu umri wa Komando. Mmoja kasema ana arobaini na amewahi kufungwa. Nimefurahi hadi nikamtia povu machoni.

Shangazi anaupenda wimbo sana. Aliucheza huku akimwaga beseni la rangi ya nywele barabarani. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwomba taulo.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mtoto wa shangazi, anayejiita Jenerali, ametangaza kuwa Komando ni yeye. Huyu ambaye nyimbo zake zote ni za magari, na hana hata baiskeli! Watu wameamini. Ukumbi wa vijana umempa nafasi ya kufunga tamasha la Jumamosi. Nafasi yangu!

Nimemkabili. Yaani, nimesimama karibu naye kwa hasira. Kaniuliza kama nina njaa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: kwenda ukumbini kumthibitishia mratibu wa tamasha kwa kuchana mbele yake. Nimefika. Nimesahau maneno yote, pamoja na jina langu. Akadhani nimekuja kusaidia usafi, akanionyesha viti. Nimevipanga vyote. Vimenyooka sana, kasema mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya, huu hauna kasoro. Nimeandika mtandaoni, kwa jina la Komando, kwamba Jumamosi kutakuwa na ubeti mpya ambao hajausikia mtu. Mtego! Jenerali hana ubeti huo. Ataumbuka jukwaani, nami nitajitokeza.

Jioni kalalamika koo linamuuma. Shangazi kamchemshia tangawizi. Koo, eti!

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa pomoni. Mimi nyuma ya pazia, mratibu kanipa kazi ya kushika maikrofoni ya akiba. Jenerali kamaliza ubeti wa kwanza, watu wakaanza kuudai mpya. Kakohoa. Kanywa maji. Kakohoa tena. Walioko nyuma wakaanza kuzomea.

Ndiyo saa yenyewe! Nikaiamuru miguu itoke. Miguu ikakataa. Basi nikafumba macho, nikaiwasha maikrofoni, nikachana pale pale gizani, kwa sauti yangu mwenyewe nyembamba. Ubeti wote! Saluni inayotiririsha rangi njiani, watoto wanaopita hapo na viatu vya shule. Nilibakiza kutaja jina tu.

Nilipofungua macho, Jenerali alikuwa akichezesha midomo kama samaki, na ukumbi mzima umesimama. Nikasikia wakisema jamaa ana kipaji, ona alivyoiga sauti ya mtoto wa shule!

Shangazi, kiti cha mbele, alikuwa analia. “Wataje majina, mwanangu!” akapaza sauti. “Wataje hao wachafu, waone haya!”

Jumapili, 9 Machi

Jenerali kanifuata jikoni, kafunga mlango. Hajawahi kuninong'oneza chochote maishani.

“Dada, jana ni wewe, sivyo?” kaniuliza. “Nimekosa, nisamehe. Twende kwa mratibu nimwambie ukweli. Tamasha lijalo upande wewe.”

Kila nilichokitaka, mezani, kimemenywa. Ningesema ndiyo tu. Neno moja!

Nikasema si mimi. Nikasema nilimwona msichana mmoja mrefu akitokea mlango wa nyuma. Akaniuliza alivaa nini. Nikampa na gauni la kijani. Ametoka mbio kwenda kumtafuta amshukuru, maskini.

Sijakata tamaa lakini. Nina mpango. Komando anakuja na wimbo mkali kuliko ule, wa kuwachana watu waoga, wale wanaojificha ukweli unapowahitaji. Nitawakaanga! Narekodi kesho, shangazi akitoka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakusihi, usimwambie mtu.