Vidukari Wasiguswe

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, likasikika mpaka sokoni: sumu ni marufuku katika bustani ya makao makuu. Vidukari wanaonyonya mawaridi wataliwa na wadudu rafiki, wale wekundu wenye madoa meusi, watakaozinduliwa rasmi na Mheshimiwa Waziri.

Mkurugenzi wa Bustani alijipigia makofi moyoni. Uzinduzi ukifana, unaibu katibu ni wake. Wadudu rafiki walikuwa tayari mezani kwake, ndani ya boksi lenye matundu, wakila zabibu kavu kwa gharama ya ofisi.

"Bosi, tuwaachie leo," alisema mtunza bustani, mama mmoja asiyejua kungoja. "Mawaridi yanakwisha."

"Mama, wataanzaje kazi kabla ya kuzinduliwa?"

"Basi niwaoshe hao vidukari kwa maji ya sabuni. Hata kuwapangusa kwa kidole, jamani."

Mkurugenzi alishtuka. "Uwaondoe? Waziri akija, wadudu wetu watakula nini mbele ya waandishi wa habari?"

Akaweka askari kuwalinda vidukari. Shomoro wakafukuzwa. Mawingu yalipotanda, likafungwa turubai, wasije wakasombwa na mvua.

Waziri akaahirisha safari. Akaahirisha tena. Kila asubuhi Mkurugenzi aliwakagua vidukari, akaridhika: wamenona. Mawaridi yenyewe yalishabaki vijiti.

Hatimaye Waziri akaja, akakata utepe. Boksi likafunguliwa. Wadudu rafiki hawakungoja hotuba. Ilipokwisha, vidukari walikuwa wamesalia kwenye tawi moja tu.

"Wachapakazi kwelikweli," alisema Waziri. "Maua yako wapi?"

"Yameliwa, Mheshimiwa."

"Wewe ukiwa wapi?"

"Hapahapa. Nikiwalinda vidukari."

Askari akapiga saluti kuthibitisha.

Waziri akamgeukia Mkurugenzi. "Kipaji kama hiki tusikiache kipotee."

Kabla ya magari ya msafara kuondoka, bustani ilikuwa mikononi mwa yule mama, na Mkurugenzi alikuwa ameteuliwa kuongoza Idara ya Hifadhi ya Vidukari kwa Uzinduzi Ujao. Alipewa banda nyuma ya vyoo, kiti, na lile tawi ndani ya ndoo.

Simu ikalia. Mkewe.

"Baba watoto, nasikia umepewa idara nzima! Una watumishi wangapi?"

Akalisogelea tawi, akakaza macho.

"Wengi," alisema. "Na wanazidi kuzaana."