Meya wa Katikati ya Barabara

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Manispaa yetu na ile ya ng'ambo ya barabara zinaunganishwa Ijumaa kuwa jiji moja. Watu wanashangilia. Mbumbumbu! Kibanda changu cha kinyozi kina magurudumu. Askari wa huku wakija, nakisukuma ng'ambo. Wa ng'ambo wakija, narudi. Mteja humohumo ndani, kichwa nusu kimenyolewa. Sasa nikimbilie wapi? Shangazi kasema nikate leseni kama wenzangu. Nikamjibu kichwa kama changu hakiombi ruhusa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Huku kwao, kule kwao. Ule mstari mweupe wa katikati je? Hauna mwenyewe! Naanzisha mji wangu. Meya: mimi. Nimechora kibao: KARIBU MANISPAA YA MSTARINI. Jirani yangu Gundi, fundi viatu mwenye leseni na maringo yake, kauliza wakazi wako wapi. Nikamteua naibu meya hapohapo. Kakataa, eti labda nimenusa makopo yake ya gundi. Wivu huo!

Alhamisi, 6 Machi
Kibanda kiko mstarini. Magari yanapiga honi. Heshima kwa meya! Askari wa pande zote wakafika. Wa huku wakasema gurudumu moja liko ng'ambo, basi ng'ambo wakamate. Wa ng'ambo wakasema hilo jingine je? Hakuna aliyetaka kusukuma mzigo mpaka karakana wanakofungia vibanda. Wakavutana mashati. Wakubwa wao wakaja, wakanong'ona kwamba kwa hali hii heri jiji liahirishwe.

Nimeua jiji! Mimi! Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini meya hanyamazi. Nikawaamuru wote wavue kofia, wako mbele ya kiongozi.

Askari mnene wa huku akamuuliza mrefu wa ng'ambo kama kamsikia huyu chizi. Mrefu akasema kamsikia vizuri sana, shika mbele kaka, mimi nasukuma. Wakaondoka nacho wakiimba. Mteja wangu ndani, nusu ya kichwa, anapiga mayowe.

Ijumaa, 7 Machi
Jiji limezinduliwa. Mkurugenzi kakisifu kibanda changu jukwaani: kazi ya kwanza ya askari kwa umoja. Nikapiga makofi, labda nitarudishiwa. Wapi! Ikabidi Shangazi aende kunililia karakana. Kimerudi, kwa sharti nikate leseni Jumatatu. Nimemwapia Shangazi, mkono kifuani. Kaniangalia kama anayetazama mbuzi akila nguo.

Jumapili, 9 Machi
Leseni itasubiri. Jiji lina mwisho wake bwana! Ni darajani. Ng'ambo ya mto kuna kamji kenye askari wawili, mmoja mgonjwa. Nimesukuma kibanda tangu alfajiri, mgongo umekatika. Nikamkuta mpima ardhi. Kasema kamji nako kanaingia jijini, pole sana kijana.

Nikamuuliza mto wenyewe ni wa nani.

Kajikuna. Kasema hajui.

Hajui! Natafuta mapipa matupu manne, yanayoelea.