Wiki Niliyolisha Samaki

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekubali. Kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye simu, nimesimama jikoni na soksi zimelowa. Ghizlan, binti yangu, ameongea nusu saa bila kupumua. Anataka niuze nyumba nihamie kwake Kasablanka, ghorofa ya nne. Anasema tangu mama yake afariki naishi kama mlinzi wa jengo tupu. Anasema mwezi uliopita niliteleza kwenye majabali nikashonwa nyuzi saba kidevuni, na safari ijayo hazitakuwa nyuzi, itakuwa sanda. Halafu akamalizia na la kuniua kabisa: na samaki wenyewe hupati, Baba!

Nikapandwa na hasira. Nikasema Jumapili akija nitamwekea mezani shargo, yule samaki mpana wa majabalini, wa kilo moja na nusu, niliyemvua kwa mkono huu. Nisipompata, nahama. Akasema: "Umesema mwenyewe, Baba." Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri posta, sikuwahi kugonga hata mmoja kwa pupa namna ile.

Sitaki kuhama. Hili naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Mahjuba wangu amezikwa hapa. Bahari iko hapa. Kwenye ghorofa ya nne kuna lifti.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefanya uchunguzi. Mlengwa: Buazza, jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha sadini. Anakaa jabali la kushoto kwangu, hatua hamsini hivi, kila siku ya Mungu. Kama sisi sote, samaki wake huwafunika kwa gunia lililoloweshwa, jicho la mtu lisiwapate. Kumuuliza mvuvi kama amepata ni ukosefu wa adabu. Unasema Mungu akuzidishie, unapita. Lakini hakuna sheria inayokataza kuhesabu matuta ya gunia. Leo matatu. Langu lilikuwa bapa, nikaweka jiwe chini yake ili asinionee huruma.

Mpango umepatikana! Nitalisha shimo, kile kina cha maji kati ya majabali. Wazee wetu walifanya hivyo: unaponda sadini na mchanga, unamwaga mahali pamoja, saa ile ile, siku kadhaa, bila kutia ndoano. Samaki wanazoea. Siku ya mwisho unakuja na fimbo ya kuvulia, wao wanakuja na midomo wazi. Tena aliyelisha shimo, shimo ni lake, hakuna mwingine wa kutupa ndoano pale.

Nimechagua shimo la kulia kwangu. Kwanza nikapima mkondo, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitupa maganda ya machungwa majini. Yote yakaelea kulia, mbali na Buazza. Hatapata hata harufu!

Jumatano, 13 Novemba

Nimemwaga ndoo ya kwanza. Mikono inanuka. Paka watatu wamenisindikiza hadi mlangoni, na mmoja bado yuko hapo ananiita.

Buazza alikuja kuniamkia, akauliza namwaga nini. Nikamwambia nawalisha ndege, thawabu. Akaitazama ndoo muda mrefu. "Bwana Tibari, ndege gani hao wanaokula na mchanga?" Nikasema ndege wa baharini wana matumbo magumu. Akaniombea heri, akaondoka. Gunia lake: matuta manne.

Alhamisi, 14 Novemba

Matuta sita! Na mkia mmoja umetokeza nje ya gunia, mpana kama kipepeo cha kuwashia mkaa. Nikageuza uso upesi. Nilishauona, lakini niligeuza uso.

Buazza ana furaha ya kuudhi. Anasema hajawahi kuona Novemba kama hii, bahari imefunguka, ndugu yangu, imefunguka! Akanimiminia chai ya nanaa, akanikatia mkate na mafuta ya zeituni. Nikanywa huku roho inaniuma. Mkate ulikuwa mzuri, hilo sitalificha.

Hitimisho: ana chambo cha siri. Dawa: naongeza ndoo. Kuanzia leo mbili.

Ijumaa, 15 Novemba

Ghizlan amepiga simu baada ya sala. Amempata mnunuzi wa kuja kuitazama nyumba. Atakuja Jumapili hiyo hiyo, alasiri. Nikamwambia bado siku mbili. Akasema anajua, Baba, ila heri kujiandaa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Nikakaa chumba cha nyuma, penye cherehani ya Mahjuba. Imefunikwa kitambaa alichokishona yeye. Nikawaza huyo mtu atakuja kupima kuta na kuuliza kama kuna unyevu. Upo. Mahjuba alipigana nao miaka ishirini. Nimelia, si kidogo.

Kisha nikaondoka nikamwaga ndoo tatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya ndoano. Nilifika mapema, nikatia chambo cha kome, nikasoma bismillahi kwa sauti. Saa moja, kimya. Saa ya pili, kaa mmoja, akala chambo akaachia ndoano kwa dharau. Saa ya tano nikaona niwakumbushe samaki. Nikamwaga ndoo ya mwisho, na leo, kwa kuwa maji yalikuwa meupe na tulivu, nikainama nikayafuata mabaki kwa macho.

Yalizama. Yakageuka. Yakaenda kushoto. Vichwa, mikia, magamba, vyote kwa msafara vikaelekea chini ya jabali la Buazza!

Siku ile ya maganda palikuwa na upepo. Upepo ulichukua maganda, maji yakachukua sadini. Siku nne namlishia Buazza samaki wake. Nikakaa chini palepale. Nikaona lifti.

Buazza akaja. Akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mvuvi akilifanya kwenye pwani hii: akalifunua gunia mbele yangu. Shargo. Kilo moja na gramu mia saba kwenye mizani yake ya mkono. "Chukua, Bwana Tibari. Huyu kala kwako." Alipowapasua wa juzi, akasema, matumbo yalijaa sadini na mchanga.

Nikamuuliza, sasa mbona hukuniambia, mwanadamu wewe? Akashangaa. Alidhani nafanya makusudi. Alidhani ni shukrani kwa siku ile aliyonibeba mgongoni kutoka majabalini na kidevu changu kinavuja damu, kwa sababu sikuwahi kumshukuru kwa mdomo. Na zawadi mtu haiulizi. Unapokea, unamwombea aliyetoa.

Nikatazama bahari. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa zawadi. Akaniombea tena.

Jumapili, 17 Novemba

Ghizlan amefika. Shargo mezani, amelazwa juu ya viazi, nyanya na zeituni, anameremeta. Nikamsimulia jinsi nilivyopambana naye: dakika ishirini, fimbo imepinda, mguu mmoja majini. Nilipofika kwenye wimbi kubwa nilikuwa karibu kuamini. Ghizlan alikula taratibu, akitoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani, kama mama yake.

Kisha akachukua simu, akamwambia yule mtu wa nyumba asije. Nyumba haiuzwi.

Nimeshinda! Nikaenda chumba cha nyuma nikaigusa cherehani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema anajua samaki ni wa Ami Buazza. Nikaangusha kifuniko. Akasema Ami alimpigia simu jana, wala si kwa habari ya samaki, huyo alimtaja kwa kupita tu. Alisikia nyumba inatafutiwa mnunuzi, akampigia kumwomba asinichukue. Akamweleza kwamba lile jabali lake la zamani, lenye samaki kweli, liko nyuma ya rasi. Alilihama msimu Mahjuba alipofariki, akaja kukaa hatua hamsini kutoka kwangu, mahali anapoweza kuniona. Kila siku huhakikisha nimepanda salama kutoka majabalini kabla hajakunja mishipi yake. Akaahidi ataendelea maadamu ana miguu.

"Samaki hakukubakiza hapa, Baba. Ni yeye." Basi naruhusiwa kubaki, kwa sharti moja tu: nivue pale ambapo Buazza ananiona. Macho ya Ghizlan yalikuwa mekundu. Nikamwambia sawa, binti yangu. Nikambusu kichwani.

Jumatatu, 18 Novemba

Ghizlan ameondoka saa nne. Nimeufikiria ule mkasa wote kwa utulivu, na sasa kila kitu kiko wazi.

Nimepelelezwa! Mwaka mzima na zaidi! Nilipokuwa nahesabu matuta yake, yeye alikuwa ananihesabu mimi. Wavuvi wote wa pwani hii tunafunika samaki kwa gunia ili jicho lisiwapate, na mimi nimekaa wazi, nimetazamwa mgongo tangu alfajiri hadi adhuhuri. Samaki watakujaje kwa mtu anayetazamwa hivyo? Si sadini, si mkondo. Ni jicho la Buazza. Jema, sikatai, lakini jicho.

Kwa hiyo nimepata mahali. Kusini, kupita kaburi la walii, chini ya genge la mawe, kuna uwazi ambao hauonekani kutoka upande wowote. Nimeenda leo kuutazama kutoka juu. Maji meusi, povu zuri, hakuna mtu. Hapo ndipo shargo wa kilo mbili alipojificha, na safari hii Ghizlan nitamwonyesha wa kwangu.

Kesho nitatoka kabla Buazza hajamaliza chai yake. Simwambii mtu. Simu naiacha nyumbani isilowe. Nimenunua kamba ya kushukia, mita kumi na mbili. Genge, kwa kukadiria kwa jicho, ni kama kumi na nne. Zile mbili nitaruka.