Maji Meupe Mferejini

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa bando langu mwenyewe.

Wanaonifahamu wanajua kuwa mimi ndiye ninayeendesha ule ukurasa wa mfereji wetu huku mlimani, juu ya Ngaramtoni. Shule niliacha kidato cha pili, wazazi walipofariki na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu, lakini simu naijua. Taka zikiziba maji, napiga picha, naweka. Mtu akikata miti karibu na chanzo, napiga picha, naweka. Watu wanaona, wanaona haya, wanaacha. Mzee Lazaro, mwenyekiti wa mfereji, alisema mbele ya usharika mzima kwamba simu yangu imefanya kazi kuliko mikutano yake yote. (Nilivimba kichwa. Subirini.)

Mwezi uliopita nilimnasa Baba Joshua, jirani anayelima nyanya chini ya shamba letu, akioshea bomba lake la dawa mferejini. Nikamrusha mtandaoni. Akapewa adhabu ya kawaida: kuzibua mfereji kuanzia kwake mpaka darajani, peke yake. Tangu hapo salamu zake ni za kukohoa tu.

Sasa leo. Asubuhi nilishusha ndizi sokoni, zikaisha mapema, nikawa narudi nikiimba pambio. Nafika darajani, namkuta Koko Martha amejishika kichwa. Huyu si bibi yetu wa damu, lakini wazazi walipoondoka ndiye aliyetuletea maziwa kila asubuhi, na hajawahi kutukumbusha. Ana ng'ombe mmoja tu, Namelok. Na Namelok ana mimba kubwa.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, Nai, lakini acha salamu. Angalia maji!"

Nikaangalia. Meupe! Meupe kama mtu amemwagia maziwa.

"Namelok amekunywa," akasema, sauti ikikatika. "Amekunywa mpaka tumbo limekaza. Nai, hii ni dawa ya nyanya. Ng'ombe wangu anakufa."

Huyo ng'ombe ndiye aliyewakuza wadogo zangu. Nikatoa simu, nikaingia laivu palepale.

"Ndugu zangu, msichote maji ya mfereji! Msinyweshe mifugo! Kuna mtu ametia sumu kwenye maji yetu. Nafuata maji haya mpaka kwa mhusika, na leo mtamwona kwa macho yenu."

Nikaanza kupanda. Nyuma yangu Koko alikuwa akimkokota Namelok kwa kamba, maana alikataa kumwacha afe peke yake. Watazamaji wakaongezeka. Jua lilipiga kwenye kioo, maoni nikawa nayaona yakipita tu kama siafu, siwezi kusoma hata moja. Nikadhani wananitia moyo.

Tukafika kwenye nyanya za Baba Joshua. Nikasimama, nikaelekeza kamera.

"Shamba hili mnalijua," nikasema, kwa ile sauti ya mtu wa taarifa ya habari. "Sitataja jina." (Nilitaja. Mara mbili.)

Tatizo likawa moja. Juu ya nyanya zake, maji yalikuwa bado meupe. Mtu mwenye akili angetulia hapo akafikiri. Mimi nikasema, "Mnaona? Amepanda juu zaidi ili kupoteza ushahidi!"

Tukapanda. Migomba. Kahawa. Uzio wa michongoma. Nikaona mfereji unapita kwenye shamba letu, na maji ni meupe kuliko kote tulikotoka. Hapo machozi yakanilengalenga.

"Ndugu watazamaji, hili ni shamba letu. Hata sisi yatima hawakutuhurumia!"

Koko alinivuta nguo. "Nai."

"Ngoja, Koko, niko hewani."

"Nai, angalia kule juu."

Hatua chache juu ya makaburi ya wazazi wetu, maji yalikuwa safi kabisa. Mawe ya chini yanaonekana. Nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimenyamaza nikiwa laivu.

Akatokea mdogo wangu Sioni kutoka nyuma ya mgomba, nyusi nyeupe, mikono myeupe, brashi mkononi.

"Dada! Umerudi mapema! La baba nimemaliza, bado la mama."

Chokaa.

Jumapili Sioni anapata kipaimara, wageni watajaa hapa, na jana nilimwambia mwenyewe kwamba makaburi lazima yapakwe upya yang'ae. Nilidhani angepaka jioni.

"Sioni," nikasema taratibu, "maji ya kuoshea ndoo umemwaga wapi?"

"Mferejini."

"Mferejini! Nani alikwambia umwage mferejini?"

"Wewe ulisema nikimwaga kwenye migomba itaungua. Ukasema nikimwaga uani kuku watakunywa. Nikabaki na mfereji." Akaitazama simu. "Dada, unampigia nani?"

Aibu ingesubiri, ng'ombe kwanza. Nikachukua simu ya Sioni, nikampigia bwana mifugo, nikaweka sauti ya juu. Koko akamshika Namelok shingoni, macho kayafumba.

"Chokaa ya kupaka ukutani?" bwana mifugo akauliza. "Na amenywea chini, darajani?"

"Ndiyo. Na ana mimba."

"Ingekuwa amenywa kwenye ndoo, ningekuja mbio. Huko chini ilishachanganyika sana. Mpeni maji safi, mwangalieni leo na kesho. Anakula?"

Tukageuka wote. Namelok alikuwa kichwa chini juu ya kaburi la baba, anatafuna maua ambayo Sioni aliyakata kwa ajili ya Jumapili. Alishamaliza ya njano, sasa alikuwa kwenye mekundu.

"Anakula," nikasema.

"Basi tulieni."

Nilikaa chini kwenye nyasi, nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu darajani. Sioni akakimbia kumfukuza ng'ombe. Koko akamzuia, huku anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mwache. Baba yenu alimpenda ng'ombe huyu. Mwache baba yenu amkaribishe."

Ndipo nikakumbuka kwamba simu yangu, mkononi, bado inarusha.

Pale kivulini maoni yakasomeka. La Baba Joshua lilikuwa la zamani, aliliandika wakati nikiwa kwenye nyanya zake: "Mimi niko mjini, Sokon One, kwa fundi tangu asubuhi. Lakini panda tu, dada, usikate tamaa, uko karibu." Chini yake, jipya: "Adhabu ni kuanzia kwako mpaka darajani. Kwako ni mbali kuliko kwangu. Sepetu ninalo, nitakuazima."

Nikamwomba radhi hapohapo, kwa jina lake lote, kwa sababu kumtaja nilimtaja kwa jina lake lote. Nikawatangazia watu kwamba si sumu, ni chokaa ya nyumbani kwangu, na wasichote mpaka maji yatakate. Nilitaka kuifuta video. Mzee Lazaro akapiga simu kabla kidole hakijafika.

"Usifute, binti. Watu wote wameiangalia mpaka mwisho. Hizo nyingine zako huwa wanaishia katikati."

Maji yameshatakata. Namelok anacheua. Kesho nazibua mfereji, na Baba Joshua amejitolea kushika kamera. Ukipita darajani, nisalimie kwa heshima, yasifu makaburi yanavyong'aa, na kicheko chako kibane mpaka uvuke kona.