Risasi za Shanwe kwa Mwendo wa Pole

Jumatatu, 8 Septemba 1997
Imefika! Treni ya Tabora imeniletea santuri yangu kutoka Nairobi. Nimeuza baiskeli kwa ajili yake na sijutii. Upande mmoja "Risasi za Shanwe", upande wa pili "Mtaa Hauna Huruma". Kweli, mtaani kwetu Shanwe hatujawahi kusikia risasi. Kuna mgambo mmoja tu aliyenikimbiza kwa kukwepa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, akachoka kabla yangu. Lakini msanii lazima aone mbali. Josephat, anayejiita rapa kwa sababu ana kofia, kauliza nitaipigia wapi. Wivu mtupu.

Jumanne, 9 Septemba
Kwa bahati mbaya Josephat ana hoja. Mpanda nzima watu wana redio kaseti. Kwa nini sikutoa kaseti? Kwa sababu kaseti hata Josephat anayo! Halafu baba katuma salamu kutoka Kakese: mji usiponijua mpaka Jumapili, narudi shambani kung'oa visiki. Mimi, MC Gobole! Visiki!

Jumatano, 10 Septemba
Gramafoni ya betri imepatikana. Ni ya Mzee Fabiani wa Misunkumilo, katekista mstaafu, anapigia nyimbo za kanisa. Nimemwambia santuri yangu ina mafundisho kwa vijana. Si uongo, inawafundisha kukimbia. Kakubali, ila kaonya kwamba kipini cha mwendo kimekwama. Mashine inazunguka polepole, kama zinavyotaka santuri zake kubwa. Yangu ndogo inataka haraka. Nikasema hamna shida, mzee, kwani tofauti itakuwa kiasi gani.

Alhamisi, 11 Septemba
Tofauti ni kubwa. Sauti yangu ilitoka kama ya mgonjwa wa pumu anayetubu. Ngoma ilipiga, ikapumzika, ikafikiri, ikapiga tena. Neno halikusikika hata moja. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mama Skolastika, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa uani anapepeta mchele. Akaacha ungo, akafuta machozi. Alisema tangu amzike mumewe hajasikia wimbo unaogusa hivi. Kaomba niulete kesho msibani kwa shemeji yake.

Ijumaa, 12 Septemba
Wamelia! Hata wachimba kaburi wamelia. Wameomba "Risasi za Shanwe" irudiwe mpaka betri zikalegea. Nimekula wali na wazee, Josephat kala na watoto. Jumapili ni arobaini ya diwani wa zamani, mji mzima utakuwepo, na baba pia. Nimepangwa mara tu baada ya padri. Kwaherini, visiki! Kinachoniuma ni kimoja: wananiita Mfariji. Mimi ni mtoto wa mtaani jamani, mtu hatari!

Jumamosi, 13 Septemba
Nimemwita Kasimu, fundi redio. Kipini kimekwamuliwa. Kesho watamsikia Gobole halisi. Mzee Fabiani kanisihi niache mambo yalivyo, maana watu wameshanipenda. Wazee na sanaa wapi na wapi.

Jumapili, 14 Septemba
Umati! Padri kamaliza, nikaweka sindano. Risasi zikatoka kwa mwendo wake kamili, na kila neno likasikika. Nikapanda juu ya benchi, nikanyoosha vidole kama bastola. Sikuangalia vizuri, vikaelekea kwa mjane wa diwani. Mjane kazimia. Kwaya ikaimba kwa nguvu zote kunizima. Mama Skolastika kanifukuza na mwiko wa ugali mpaka barabarani. Baba alinikuta huko. Alisema hana ubishi tena, mji umenijua, na kesho asubuhi tunaondoka.

Jumanne, 16 Septemba. Kakese
Visiki vya huku vina mizizi mpaka Burundi. Mikono imechubuka, moyo unauma. Nimelitafakari kosa langu kwa makini na nimeliona: sauti ilikuwa ndogo. Nilihitaji spika. Jirani yetu Mzee Celestin ni mgonjwa sana, siku hizi hata uji haupiti. Nimempelekea maji, nimemwombea apone. Halafu nikamuuliza mkewe, kwa heshima zote, kama kwenye ukoo wao kuna mtu mwenye jenereta.