Fatiha Tatu kwa Gari Moja

Jumatatu, 3 Machi

Ghala la Dabbous linafunguliwa!

Nimesoma tangazo asubuhi kwenye mlango wa kiwanda cha zamani cha pamba. Haji Shahata, muuza vipuri, alikuwa analisoma begani mwangu huku akinipumulia kitunguu. Magari yote ambayo marehemu Munir Dabbous alishindwa kuyauza yatapigwa mnada Jumatatu ijayo. Mapya. Yaani yalikuwa mapya wakati sote tulipokuwa na nywele. Dabbous alikuwa na ukaidi wake: gari lisiponunuliwa kwa bei yake, bei haishuki. Mwaka ukiisha, gari linasukumwa ghalani na kufuli linafungwa. Mansoura nzima ilijua, kisha ikasahau.

Shahata kaniuliza mimi nitanunua nini, honi? Mtu mwenye mpango hajibizani na muuza vipuri.

Mpango ni huu. Neemat, mke wangu, yuko kwa mdogo wake Sami tangu mwezi uliopita. Amenuna. Chanzo ni jiko lake la gesi, ambalo nililibadilisha kwa kware. Kware wa aina bora kabisa! Hata waliporuka na kwenda zao, waliruka kwa utaratibu. Nilitegemea kelele. Alikunja nguo zake, akamwagilia mrehani wa dirishani, akaondoka. Desturi inajulikana: mume aende, aombe radhi, arudi na mkewe. Na mimi nitakwenda. Ila si hivi hivi, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nitakwenda na gari.

Jumanne, 4 Machi

Leo watu wameruhusiwa kuyaona. Vumbi la kupandia viazi. Magari yamebanana mlango kwa mlango, matairi yamelala chapa, njiwa wamejenga ndani ya moja jeupe. Viti bado vimevaa nailoni za kiwandani.

Na pale ukutani: Fiati 128 ya bluu. Ileile!

Tulipokuwa wachumba, kila Alhamisi jioni tulitembea barabara ya mtoni, Neemat na mimi, na Sami mdogo katikati yetu kama askari wa mpakani. Tulisimama kwenye kioo cha duka la Dabbous. Neemat aliegemeza paji la uso kwenye kioo na kulitazama gari hilo mpaka mfanyakazi akatoka na kitambaa kufuta alama. Bluu ile haikumpendeza mtu mwingine yeyote mjini. Nikamwambia siku moja litakuwa lako. Akacheka. Ilikuwa raha sana kumchekesha siku zile, haikugharimu kitu.

Nimesimama mbele ya gari hilo leo, macho yakaniwasha. Vumbi, bila shaka.

Bi Inayat, binti wa Dabbous, alikuwa mlangoni na kiti chake. Nikampa pole ya baba yake, japo ni ya miaka mingi. Akasema baba yake alikuja humu kila Ijumaa na kuyapapasa magari. Alikuwa anangoja mnunuzi wa bei yake. Watu walikuja na pesa mkononi, pungufu kidogo tu, akawarudisha. Alisema siku moja mtu atakuja kwa namna inayostahili. Bi Inayat akafuta kiti kwa kiganja. Hakuja mtu, akasema.

Ukaidi gani huo! Kuna watu hawasaidiki.

Jumatano, 5 Machi

Hatari ya kwanza: Shahata. Chochote chenye magurudumu anakinunua na kukichinja. Nimemkamata mkahawani. Nikamwambia asiiguse ile ya bluu. Akaniuliza, kwa lipi, uzuri wa macho yako? Tukabishana chai mbili. Mwisho tumekubaliana: yeye hatanyanyua mkono kwenye ya bluu, na nikishaipata, injini ni yake. Neemat na injini wapi na wapi? Anachohitaji ni gari chini ya dirisha letu, akae ndani, majirani wapite.

Tukanyoosha viganja, tukasoma Fatiha, tukajipangusa nyuso. Mkataba wa karatasi wakili yeyote anaupasua. Huu, nani athubutu?

Jumatano njema sana.

Alhamisi, 6 Machi

Hatari ya pili: fedha zangu. Zinatosha dhamana ya kuingilia mnadani na salamu.

Suluhisho: Ramzi, mpiga picha wa harusi. Anatafuta gari la zamani la kubebea maharusi, lenye utepe na maua, lipite mtoni watu wapige vigelegele. Atatoa nusu ya bei; ile nyingine, Mungu mkubwa. Gari litakuwa lake kila Alhamisi, siku nyingine langu. Akanikumbatia. Akasema, Ustadh Bahgat, nani angejua kichwani mwako mna kitu! Nimelipokea kama sifa.

Injini sikuitaja. Hakuuliza.

Fatiha.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala nimekwenda mtaani kwa Sami. Nimesimama chini. Neemat alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu anateremsha kapu kwa kamba, anunue machungwa ya mchuuzi mpita njia. Mkono wake ule, kamba inapita vidoleni polepole. Nilitaka kuita. Nikachagua chungwa zuri, nikalitia kapuni bila muuzaji kuona. Kapu likapanda. Chungwa likarudi peke yake, likapasuka karibu na kiatu changu. Ameniona! Dalili nzuri.

Sami akashuka mbio. Akaniambia, “Shemeji, panda juu. Anakunja nguo tu. Mwambie samahani, neno moja, mnywe chai mwende zenu.” Nikamwambia mimi si mtu wa neno moja. Nikamweleza gari. Akageuka rangi. Akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza gari lipi, nikamwambia la bluu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Furaha imemzidi, maskini, analikumbuka.

Nikataka Fatiha kwamba hatamwambia dada yake. Akasema, “Fatiha nyingine? Leo hii?” Sikuelewa. Akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Mwishowe akasoma, kwa sauti ya mtu anayezikwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mnada!

Uwanja umejaa. Wako watu wa Kairo wenye miwani, lakini wao walitaka magari makubwa ya Kimarekani tu, na walipoyapata wakaondoka. Nimesimama mstari wa mbele kabisa, pua kwa pua na dalali. Nilijiwekea sheria: mnunuzi mzoefu hageuki nyuma kumtazama mpinzani. Ukigeuka umeonyesha hofu.

Ikaja ya bluu. Dalali akataja bei ya kuanzia. Nikanyanyua mkono. Shahata anatazama viatu vyake. Ramzi anatazama mawingu. Sami analia au ana mafua. Nikajisemea, hii ndiyo nguvu ya Fatiha!

Dalali akaita, “Na huko nyuma!”

Nani? Sikugeuka. Nikapandisha. Dalali: huko nyuma! Nikapandisha. Nyuma naye, kidogo kidogo, kama mtu anayepima sukari. Hata wauza chai waliacha kugonga glasi. Nikahisi wananitazama mimi, si gari. Heshima hiyo sijawahi kuipata Mansoura.

Sami akanivuta mkono wa shati. Akasema, “Geuka, Bahgat. Wallahi, geuka tu.” Nikamwambia alinde Fatiha yake. Akasema, “Hiyo ndiyo ninayoilinda! Siwezi kusema. Wewe geuka!” Nikajinasua. Nikataja bei ambayo sina, hata nikiongeza nusu ya Ramzi. Kimya nyuma. Nyundo ikagonga.

Limekuwa langu!

Hakuna aliyepiga makofi. Nikageuka sasa, kwa kiburi cha mshindi, niwape salamu.

Neemat. Amesimama karibu na lile jeupe la njiwa, mkoba kifuani, kibao chenye nambari mkononi. Koti lake la kahawia. Alinitazama kitambo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichanganya. Alionekana amechoka. Akasema, akiniita kwa jina la mwanetu, “Hongera, Baba Hisham.” Akampa kibao mtu wa mlangoni, akaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Kumekucha.

Shahata amekuja na winchi kung'oa injini. Ramzi amekuja na utepe mwekundu kupima boneti. Wamekutana juu ya gari. Sikuwapo, lakini nimeyasikia yote mkahawani, kwa sababu wameyarudia huko mbele ya watu. Ramzi kauliza bibi harusi akaendeshwe na nini, dua za mama mkwe? Shahata kasema Fatiha ni Fatiha, injini yake, wengine wachukue honi. Nikajaribu kuwaeleza kwamba kila mmoja yuko sahihi kwa upande wake. Wakaacha kugombana. Wakanigeukia pamoja.

Ramzi ameondoa nusu yake. Ni haki yake, amesema, na mkahawa mzima ukaitikia kwa kichwa, hata mzee wa meza ya dhumna ambaye hajakubaliana na mtu tangu nimjue.

Nimekwenda kwa dalali kuomba muda. Akanionyesha sharti ukutani: asiyelipa leo anapoteza dhamana, na gari linakwenda kwa aliyetaja bei ya pili. Nikamuuliza kama kuna njia nyingine. Akaniuliza nina kware?

Mji huu hauna siri.

Jumatano, 12 Machi

Gari limekwenda kwa Neemat. Amelilipa kwa pesa za upatu wa wanawake wa jengo la Sami. Zamu yake ilikuwa imefika.

Sami amekuja, sasa yuko huru kusema. Asubuhi ya Ijumaa ile Neemat alimsomesha Fatiha kwamba hataniambia. Mchana nikamsomesha mimi. Amekaa siku tatu na Fatiha mbili tumboni, hakula. Akaniambia alichokusudia dada yake. Alichoka kungoja niende. Alitaka kulinunua gari, Sami aliendeshe mpaka kwetu, apige honi chini ya dirisha mpaka nishuke nimefungua mdomo. Kisha angepanda ngazi arudi nyumbani kwake, yaishe. Ndiyo mpango wake wote.

Kwa hiyo ningekaa tu nyumbani siku ile, ningepata gari na mke, bila kutoa hata senti. Nimelifikiria hilo tangu adhuhuri. Nimekaa kwenye kiti karibu na mrehani wake, umekauka nusu. Nimeumwagilia. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja na sufuria moja. Nimemkumbuka sana Neemat, naliandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ameleta salamu, Sami. Alizikariri asikosee. “Mwambie Baba Hisham aje Ijumaa. Asilete kitu. Aje yeye, aseme neno lake, basi.”

Nimelia kidogo. Kisha nikapata fikra.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi jana baada ya isha, hoi. Nilikuwa Dumyat, mji wa pwani.

Nieleze, maana Sami hakunipa nafasi. Asilete kitu, amesema. Wanawake husema hivyo! Mtu amenunua gari zima, mimi niingie nikining'iniza mikono? Gari lile matairi yake yameoza. Shahata (tumepatana, anahitaji mtu wa kumcheka) alinidokezea kwamba Dumyat kuna mzee ana matairi manne ya kipimo kile, hayajawahi kugusa barabara. Nikaona: naingia kwa Sami nikiviringisha matairi mapya, moja baada ya jingine, mtaa mzima uko madirishani. Hapo ndipo neno samahani linakuwa na mahali pa kukaa.

Mzee alikuwa amekwenda harusini. Nikamngoja. Akarudi magharibi, akasema matairi yapo kwa shemeji yake, wiki ijayo.

Sami anasema Neemat alipika bata na mlenda. Alivaa gauni lake la kijani. Aliweka viti viwili kwenye roshani, akakaa kimoja, akaangalia barabara mpaka adhana ya magharibi. Kisha akaingiza kiti cha pili ndani, kwa upole, akawagawia majirani bata. Nilimuuliza Sami kama alikasirika. Akasema hapana. Akasema, “Ingekuwa heri angekasirika,” akakata simu.

Leo asubuhi Neemat ameanza kujifunza udereva. Shahata amelifufua gari kwa matairi ya mitumba, Ramzi analikodi kwake kila Alhamisi, na Neemat mwenyewe yuko kwenye usukani, mwalimu kando. Nimemwona akipita barabara ya mtoni. Alipita polepole, mikono yote miwili imeshika, macho mbele. Hakuniona. Au aliniona, lakini mwanafunzi haruhusiwi kutazama pembeni.

Nimeelewa. Anajifunza ili aje kunichukua mwenyewe! Basi lazima yale matairi mapya yawepo siku hiyo. Nimempigia mzee wa Dumyat, tumesoma Fatiha kwenye simu. Yakifika Ijumaa ijayo, nakwenda Ijumaa ijayo. Yasipofika, ile nyingine. Nikienda, niende kwa namna inayostahili.