Kochi la Balozi

Jumapili saa nne asubuhi, akiwa amelala chali kwenye kochi la dada yake, Balozi aliona kwenye simu kitu kilichomfanya aketi. Kuketi kabla ya chakula cha mchana halikuwa jambo lake, kwa hiyo nasi tulipe uzito unaostahili.

Ulikuwa mtandao wa wasafiri. Watu wazima, wenye akili zao timamu, walikuwa wakikaribishana majumbani bila kujuana na bila kulipana hata senti: leo unalala kwangu, kesho mimi nalala kwa mwingine. Siku tatu, chai, stori, kwaheri. Balozi alipiga hesabu kwa vidole. Nyumba mia moja na ishirini na ushei zingemaliza mwaka, na mji huu peke yake una nyumba nyingi kuliko hizo. Angeweza kuwa msafiri maisha yake yote bila kuvuka hata daraja.

Na haja ilikuwepo. Jina la Balozi alipewa mtaani kwa sababu hakuna shughuli yenye chakula aliyowahi kukosa kuiwakilisha, ila cheo hicho hakikuja na makazi. Kochi lilikuwa la dada, muuguzi wa wodi ya wazazi, na lilikuwa limembeba miaka mitatu. Juzi uzalendo ulimshinda dada.

"Mdogo wangu, nakupenda," alimwambia. "Jumatatu naenda kwenye mafunzo, narudi Ijumaa. Nikikukuta hapo ulipo, utatoka wewe na foronya yako."

Balozi alijiandikisha chapuchapu, akaomba kulala kwa watu kumi na tisa. Wote kumi na tisa walimkatalia kwa adabu: hakuna mtu aliyewahi kumwandikia ushuhuda humo mtandaoni. Chini yake kulikuwa na nasaha kwa wanaoanza: *Kama hakuna anayekufahamu, anza wewe kukaribisha.*

Dada alipotoka tu Jumatatu, Balozi alipiga picha chumba cha dada huyo, kitanda kikiwa na shuka la mauamaua, akaandika: *Bwana mpole, anaishi peke yake kwake, anapenda wageni.* Ukiondoa hilo neno "bwana", ukweli mwingine hapo haukuwepo.

Jioni mgeni wa kwanza akabisha hodi: mama mmoja mfupi, mstaafu wa forodha, na begi la mgongoni refu kuliko yeye.

"Karibu kwangu, mama. Jisikie uko nyumbani."

"Asante, mwanangu." Mama alifungua kabati, akatazama magauni kumi na moja na viatu vya kisigino. "Hivi unavaa wewe?"

"Vya marehemu mke wangu," Balozi alisema, akainamisha kichwa.

"Pole sana." Mama alikuwa ameshafika kwenye ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango. "Naona marehemu ana zamu Jumamosi usiku."

Balozi aliiziba ratiba kwa mgongo. Mama akampigapiga begani. Miaka thelathini alikuwa amekagua mizigo ya watu, akasema, na bado hajakutana na msafiri asiyeficha kitu.

Akapewa chumba. Jumanne alifua mapazia na kukomesha bomba la jikoni lililokuwa likidondosha tangu mwaka juzi. Jumatano asubuhi alisimama mbele ya kochi, mikono kiunoni.

"Leo ni siku ya tatu. Jembe liko wapi?"

"Mama, tuko ghorofa ya nne!"

"Basi nipe hata ufagio. Methali ni methali."

Balozi alijilaza, akamsimamia. Aliamini ndiye tapeli wa kwanza duniani kufuliwa soksi na mtu anayemtapeli. Kulikuwa na kasoro moja tu: ushuhuda huandikwa watu wakishaagana, na mama hakuonyesha dalili ya kuaga.

"Unaondoka lini, mama?"

"Mwenyeji mwema haulizi hivyo."

Alhamisi alasiri ufunguo ulizunguka mlangoni. Mafunzo yalikuwa yameisha mapema. Balozi aliruka kutoka kwenye kochi kwa kasi ambayo mwili wake haukuijua.

"Dada! Huyu ni fundi bomba." Kisha, kwa mnong'ono upande wa pili: "Mama, huyu ni mpangaji wangu."

Mama hakumjali. Alimpokea dada begi. "Karibu, mwanangu. Miguu imevimba hiyo. Maji ya moto yako tayari bafuni, ukitoka utakula."

Dada alisimama pale pale. Aliangalia bomba, akaangalia mapazia. Yeye kutwa huwauliza wenzake wanaumwa wapi, na miaka mitatu nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya miguu yake. Alikaa kwenye stuli akalia, akalia kweli. Balozi naye alitaka kulia, kwa sababu zake.

"Mama, unaondoka lini?" dada aliuliza alipokwisha kuoga.

"Nikifukuzwa."

"Balozi," dada akasema bila kugeuka, "funga virago."

Mama ndiye aliyemkunjia mashati mlangoni.

"Mama, umeniingiza mjini," Balozi alisema kwa uchungu.

"Tangu nistaafu sina kwangu, mwanangu, mwaka wa sita huu. Wewe unatafuta vitanda. Mimi natafuta mtu aliyechoka."

Ila walikuwa wameagana, na ushuhuda ni deni. Balozi alipofika chini, ushuhuda ulikuwa umeingia: *Mwenyeji wa pekee. Ameniachia mpaka kochi lake.*

Alikaa kwenye benchi la kinyozi wa chini ya jengo akatuma maombi kila upande. Nusu saa haikupita akajibiwa: *Mwenyeji mpya, mwanamke mwenye kazi yake. Kochi lina mtu, mkeka upo.* Balozi alimshukuru Mungu, akaomba anwani. Ilipofika aliisoma mara mbili, kisha akainua macho mpaka ghorofa ya nne, ambako mapazia masafi yalikuwa yakipepea.

Heshima ilimwambia aondoke. Tumbo likamwambia apande, na Balozi hakuwahi kubishana na tumbo. Alipanda ngazi zote, akapiga hodi.

Mama alifungua, akachukua begi lake, akalipekua mpaka mifuko ya pembeni.

"Siku tatu," alisema. "Na leo inahesabika."

"Nani huyo, mama?" dada aliuliza kutoka ndani.

"Msafiri tu, mwanangu. Kaja kuosha vyombo."